Futari ya Ma Anastazia

Mwezi uliopita tuliobaki wa timu ile ya utafiti tulikutana Bukoba, kwenye mgahawa mmoja ufukweni, na Deo akaanza tena. Deo sasa ni profesa, ana kitambi, na ana vijana watafiti wanaocheka hata akikohoa. Alikuwa ameshika kichwa cha sato anakinyonya, akawaambia, "Muulizeni Hadija. Kuna bibi mmoja Muleba alitaka kuniua kwa ndizi na maharage." Vijana wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nikamwambia, "Deo, hebu acha." Akasema, "Na wewe, miaka yote hii bado?" Nikamjibu kwamba ndiyo, miaka yote hii bado, nikasukuma sahani yangu pembeni. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, nameza vidonge vya presha kila asubuhi, lakini habari ile ikitajwa chakula hunishinda hadi leo. Deo anaifanya kichekesho kwa sababu anaijua nusu tu. Nusu ya pili ilianza yeye akiwa amelala hospitalini na dripu mkononi, na aliyebaki kijijini ni mimi.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uchumi, nikijiona najua kila kitu kuhusu umaskini isipokuwa namna ya kuufikia mlangoni na kubisha hodi. Serikali ilikuwa imeanza mpango wa kuwapa wazee kadi za matibabu ya bure. Kadi hazikutosha kwa mara moja, kwa hiyo vijiji vingine vilipewa kwanza na vingine vikaambiwa visubiri, na sisi tukaajiriwa kupita huku na kule tukiuliza maswali yale yale, ili ijulikane kama kadi inamsaidia mzee kweli au ni fedha ya umma inayopotea bure. Tathmini, ndivyo ilivyoitwa. Tuliuliza nani ameugua na alitibiwa wapi, na zaidi ya yote tuliuliza chakula: jana mlikula nini, juzi je, nani alikula kwanza, nani alilala njaa. Kumuuliza mtu usiyemjua alichokula jana ni kuingiza mkono ndani ya chungu chake. Leo hilo naliona. Wakati ule nilisoma swali, nikaandika jibu, nikasoma swali linalofuata.

Tulipanga Nshamba, wilayani Muleba, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kwenye nyumba ya mama mmoja mjane tuliyemwita Ma Koku. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha futi nne, ndoo mbili, na ukuta usiofika darini, kwa hiyo kila kilichosemwa jikoni nilikisikia nikiwa nimelala. Ma Koku alipika vizuri, ndizi laini zenye maharage, na dagaa waliokaangwa mpaka wakalia mdomoni. Deo, ambaye kwao ni Iringa, alilalamikia kukosa ugali kila siku na akamaliza sahani kila siku. Kila asubuhi kabla hatujapanda pikipiki Ma Koku alitusimamisha mlangoni. "Mnakokwenda," alikuwa akisema, "msile ovyo." Nilimuuliza mara moja anamaanisha nini. Akanitazama kana kwamba nimemwuliza jua linachomoza wapi, akarudi jikoni kwake.

Na sisi kutokula ilikuwa ndiyo sheria yetu ya kwanza. Tulifundishwa Dar es Salaam na Dokta, mkuu wa utafiti, mtu mpole mwenye hesabu kali: mtafiti hali wala hanywi katika nyumba anayohoji. Sababu yake ilikuwa nzuri. Aliyekupikia leo hatakuambia kwamba jana hakuwa na chakula, na maskini asiingie gharama kwa ajili yako. Darasani sote tukatikisa vichwa kukubali. Lakini Uhayani mgeni akishakaa huletewa kamwani, yaani buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri zikaanikwa, za kutafuna. Mwenyeji huchukua yake kwanza, huitia mdomoni mbele ya macho yako, huitafuna, ndipo anakusogezea kikapu. Kule kutafuna kwanza kunakwambia kwamba hapa hakuna sumu, mimi mwenyewe nimeanza. Sasa wewe mgeni ukikataa baada ya hapo, umesema nini? Tulikataa nyumba baada ya nyumba, kwa tabasamu, tukisema ni taratibu za kazi. Watu walirudisha vikapu vyao ndani, na maswali yetu wakayajibu kama wanavyojibu watu waliokwishatukanwa. Mimi nilikuwa na pa kujificha, nilisema nimefunga, na Ramadhani ilipoingia nikawa nimefunga kweli.

Ma Anastazia aliishi mwisho wa kijiji kimoja tulichopangiwa, si mbali na Nshamba, mahali ambapo migomba inaisha na mteremko unaanza. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, aliyezika mume na watoto wawili ndani ya kibanja chake mwenyewe, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na makaburi yao yalikuwa yamefagiliwa. Sebuleni alitandaza nyasi mbichi kila siku hata kama hakutegemea mgeni. Kulikuwa na picha ya Bikira Maria, kiti kimoja cha maana, na mkeka. "Kasinge waitu," nilimwamkia kwa Kihaya cha kwetu Bukoba, naye akafurahi mpaka akanishika mkono akakataa kuuachia. Tulimhoji muda mrefu. Alikuwa na ile kadi, alikuwa ametibiwa macho, na aliieleza kadi yake kama mtu anavyomweleza mkwe aliyetokea kuwa mwema. Tulipomaliza akaleta kikapu, kisha akaleta sinia la ndizi zilizofunikwa kwa majani ya mgomba, na alipofunua, ule mvuke ulinifanya nimeze mate ingawa nilikuwa nimefunga. "Huyu nitamwacha, ni mtu wa Ramadhani," alisema akinionyesha. "Lakini wewe, mwanangu, utaniaibisha?" Deo akanitazama. Nikaangalia pembeni. Akala, akala vizuri, akatafuna na kamwani, na Ma Anastazia akakaa kwenye nyasi akimtazama kwa furaha kubwa.

Kesho yake Deo hakuamka. Tumbo lilimshika, akawa anatapika na kuharisha, mwili ukiwaka moto, na hadi tunampakia kwenye gari la kukodi alikuwa hajui yuko wapi. Hospitali walisema ni homa ya matumbo, imekuwa ikimnyemelea siku nyingi, yaelekea ni maji. Lakini kabla ya daktari kusema lolote, dereva alikuwa ameshamuuliza Deo mara ya mwisho alikula wapi, na Deo, katika kuweweseka kwake, alikuwa ameshajibu. Jioni ile nilikuwa kitandani nasubiri adhana nikamsikia Ma Koku na jirani yake jikoni. Jirani akasema, "Yule wa Iringa kalishwa. Kalishwa na Anastazia." Ma Koku akauliza, "Na msichana?" "Msichana kaokolewa na mfungo wake." Mwiko ukakwangua chungu. Kisha jirani akasema, "Sasa ndiyo tunajua waliomtangulia walikufa kwa nini." Mume wa yule mama na watoto wake, waliokuwa wamelala kwenye makaburi yaliyofagiliwa, walikuwa wamegeuzwa ushahidi hapo hapo jikoni, na mimi niliyekuwa nimefunga nimekuwa shahidi mkuu bila kufungua mdomo.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji cha Ma Anastazia, Ta Kaijage, Ta wakimaanisha Mzee, mzee wa kanisa, muuza kahawa, mtu wa maneno machache. Nikamweleza daktari alivyosema. Akasikiliza, akakuna kidevu. "Hospitali haioni vitu hivyo," akasema, "ndivyo watakavyokujibu." Nikamuuliza, "Na wewe, Ta?" Akasema, "Mimi siamini. Lakini mimi ni mmoja." Akanichukua tukaenda hadi kwa Ma Anastazia, na tulipofika uani nikaelewa kwa nini alitaka nione kwa macho yangu. Migomba ya mbele ya nyumba ilikuwa imekatwa. Haikuibwa mikungu, ilikatwa tu, michanga na yenye matunda, na mmoja ulikuwa umeburutwa ukalazwa mbele ya mlango. Kwa Mhaya hilo halihitaji kuandikwa barua. Anayekukatia migomba anakwambia kibanja hiki si chako tena, ondoka ungali na miguu. Ma Anastazia alikuwa ndani. Alituitikia lakini hakutoka, na Ta Kaijage akaniambia kwa sauti ya chini kwamba asipoondoka kabla ya Jumapili, watakuja tena, na safari hiyo hawatakuja kwa ajili ya migomba. Nikamuuliza kina nani. Akasema, "Wote unaowasalimia."

Nikampigia simu Dokta. Alisikitika kweli, sitamsingizia. "Hadija, ondokeni hapo leo," akasema. "Kijiji kimoja kikitoka tunaweka kingine, tuna vya akiba. Takwimu haziharibiki." Nikasema, "Na yeye?" Akauliza, "Nani?" Akaelewa, akasema hilo ni jambo la polisi na serikali ya kijiji. Maisha yangu yote baada ya pale nimefanya kazi hii ya kupima mipango ya serikali, nimeandika ripoti nisizoweza hata kuzihesabu, na kila ninapoona kaya imeandikwa kuwa imehama au haikupatikana, najiuliza ilihamaje. Siku ile nilikaa kwenye ukingo wa kitanda na simu mkononi, nikaona jambo moja wazi kabisa. Tukiondoka, tumemhukumu. Watasema hata watafiti wamekimbia, na watafiti wana kompyuta. Kitu pekee kilichoweza kuwanyamazisha ni kile kilichowaamsha, yaani mgeni ale nyumbani kwake, mbele yao, na mgeni aamke mzima.

Nitasema kweli: sikuwa na hakika. Daktari nilimwamini, shahada nilikuwa nayo, na bado kitu ndani yangu, kilichokuwepo kabla ya shule, kiliuliza, je kama wanasema kweli? Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sikutaka kufa Muleba. Nilijikaza kisabuni nikamwomba Ta Kaijage amweleze Ma Anastazia nia yangu, kisha awaite majirani kwake alasiri, aseme mimi nimealikwa futari. Ma Koku aliposikia alikaa mlangoni kwangu akakataa kupisha. "Nimwambie nini mama yako?" akauliza. Nikamwambia amwambie nilifunga vizuri.

Walikuja. Walikaa uani kati ya migomba iliyokatwa, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, na hakuna aliyeigusa ile migomba wala kuitazama. Mimi nilikaa kwenye kile kiti kimoja cha maana, kilichotolewa nje. Jua lilikuwa bado juu, na sikuweza kula kabla halijazama, wao wanalijua hilo, kwa hiyo tukasubiri wote. Sijawahi kusubiri vile. Wakati mwingine wowote jioni ya Ramadhani unaliomba jua lizame, siku ile mimi nililiomba libaki. Watu walizungumza bei ya kahawa, mvua, mtoto wa nani kafaulu, na kila mara mazungumzo yakifa macho yote yanarudi kwangu. Mwanamke mmoja kijana aliinama akaniuliza polepole, kwa huruma kabisa, "Dada, ukishakula unataka tukupeleke wapi?" Ndani nilimsikia Ma Anastazia akipepea moto.

Jua lilipozama nikasema bismillahi kwa sauti, maana nilitaka Mungu asikie na wao wasikie. Ma Anastazia akatoka na kikapu. Akachukua kamwani yake, akaitia mdomoni, akatafuna taratibu huku amewageukia watu, akameza. Akanisogezea. Buni moja iliniponyoka ikaanguka kwenye nyasi, na uani kote nikasikia pumzi zikivutwa. Nikachukua nyingine, nikaitafuna. Chungu, kisha utamu kidogo. Halafu akaleta ndizi, akala tonge yeye kwanza, akanipa. Aliinama kuniwekea sahani mapajani, na akiwa ameinama hivyo, kanga yake ikigusa bega langu, akaninong'oneza kwa Kihaya. "Unaniogopa," akasema. "Haya, niogope. Lakini mimi nakuogopa wewe zaidi. Ukiugua chochote, hata mafua, hata mguu ukikuuma, mimi nimekwisha." Akanyanyuka, akakaa chini kwenye nyasi, akakunja mikono.

Nilikula sahani nzima. Asubuhi niliamka mzima, nikapanda pikipiki nikaenda kupita nyumba kwa nyumba nikisalimia, na watu walinitazama miguu kama wanaohakikisha inagusa ardhi. Jumapili ikapita, hawakuja. Ma Koku akaacha kunisimamisha mlangoni. Lakini hofu yangu ilikuwa imegeuka sura, na hii ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ile ya kwanza ningekufa mara moja ikaisha. Sasa mwili wangu haukuwa wangu. Nilichemsha maji mara mbili, nililala ndani ya neti tangu giza kuingia, sikuvuka barabara bila kusimama. Nikipiga chafya naangalia nani yuko karibu. Hakuna aliyesema inachukua muda gani sumu kufanya kazi. Wenye kuamini mambo hayo huwa hawaweki mwisho. Ramadhani ikaisha, mvua zikaanza, kazi ikahamia vijiji vya jirani, lakini niliendelea kwenda kwa Ma Anastazia kila wiki, nikila mbele ya wapita njia, na kila nikimeza tunatazamana.

Malaria ilinishika katikati ya mvua zile. Nilianza kuumwa kichwa nikiwa njiani kwenda kwake, na nilipokaa kwenye kiti baridi ikaanza kunitikisa. Ma Anastazia alinishika mkono kunisalimia, akausikia ulivyo moto. Uso wake ulisawijika. Alitazama nje, barabara ilikuwa na watu wanaotoka kuchuma kahawa, akarudisha macho kwangu. "Mwanangu," akasema, "usianguke hapa." Hakuwa anasema kwa ubaya. Alikuwa anaomba. Nikanyanyuka. Nikatembea ile njia ya katikati ya migomba hadi barabarani, nikasalimia kila niliyekutana naye, nikasimama nikazungumza na Ta Kaijage habari ya mvua wakati macho yangu yakiona vitu viwiliviwili, nikamwambia naenda mjini kwenye harusi ya binamu yangu. Hospitali ilikuwa karibu, nikaipita, maana wauguzi wawili pale walitoka kijijini. Nilimwambia dereva wa pikipiki anipeleke Bukoba. Tulipofika Kanazi, mbali ya kutosha, ambako hakuna anayenijua wala anayemjua Ma Anastazia, ndipo nilipomwomba asimame, nikatapika kando ya shamba la mtu hadi nikapiga magoti.

Nililala nyumbani kwetu Bukoba mjini, mtaa wa Nshambya, nikameza dawa, nikapona. Nilijiona mjanja sana. Hakuna aliyeniona naumwa. Sikufikiria hata kidogo kwamba mtu asipoonekana, naye anasemwa. Nilirudi kijijini na keki kidogo ya harusi niliyoinunua dukani, ili uwongo wangu uwe na ushahidi, na barabarani wanawake walisimamisha majembe wakanitazama bila kuitikia salamu. Mmoja akaniambia, "Tulisikia umezikwa."

Mlango wa Ma Anastazia ulikuwa umefungwa mchana kweupe. Nilibisha, nikataja jina langu. Nikataja tena. Ukafunguka kidogo, akatoa jicho, kisha ukafunguka wote, na nyuma yake, kwenye sakafu isiyo na nyasi, niliona furushi: sufuria, blanketi, na ile picha ya Bikira Maria imefungwa ndani ya kanga. Picha ilikuwa imetoka ukutani. Nikamuuliza amekaa hivyo tangu lini. "Tangu ulipokwenda," akasema. "Kila pikipiki ikilia nasema ndiyo hao." Nikamuuliza kwa nini hakuondoka. Akaonyesha kwa kidevu upande wa makaburi. Kisha akakaa chini pale pale, akalia kwa sauti, na mimi nikakaa naye, mlango tumeuacha wazi ili wapita njia wanione. Baadaye nikalivuta lile furushi, tukaanza kulifungua, yeye fundo lake na mimi langu.